Kabla hujanunua spika ya pili ya besi, soma nyuma ya ampu

Kaka, umeuliza kama hiyo ampu yako ya wati 500 unaweza kuiongezea boksi la pili la spika maana kwaya ikipanda gitaa lako la besi halisikiki. Inawezekana kabisa, ila kabla hujatoa hela igeuze usome nyuma, pale kwenye tundu la spika wameandika omu (kipimo cha spika inavyozuia umeme) ngapi ndo mwisho wa chini, nyingi za siku hizi ni 4. Sasa kama boksi lako ni la omu 8 ukiongeza lingine la 8 jumla inashuka inakuwa 4, hapo uko salama na ampu inatoa nguvu yake yote, lakini kama mwisho wa ampu ni 4 na ulilonalo tayari ni la omu 4 usithubutu kuongeza kitu, itachemka, itajizima katikati ya pambio au iungue kabisa.

Waya nao jamani! Usiunganishe spika kwa waya wa gitaa hata kama plagi zinafanana, ule ndani una uzi mwembamba sana, mi nimewahi kuushika baada ya ibada nikakuta wa moto na plastiki imelegea.

Ila jaribu hili kwanza, halina gharama: pandisha boksi juu ya meza imara, maana ukisimama mita moja mbele yake sauti inakupita magotini. Halafu punguza besi kidogo uongeze midi (sauti za kati), ile E ya chini, waya mnene wa gitaa la besi, iko kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde) na kwenye kelele masikio yanakamata zaidi sauti za juu yake. Ukishasoma namba niandikie.