Doa la grisi kwenye kiti cha gari: maji yaje mwisho

Kama umeona doa la grisi kwenye kiti cha gari na tayari umeshika ndoo ya maji, iweke chini kwanza. Kaka yangu ni fundi wa magari na gari la nyumbani tunalitumia wote, kwa hiyo kitambaa cha kiti cha dereva kimeshaonja kila aina ya mafuta. Kazi ya kukisafisha huwa ni yangu, na imenifundisha kwamba maji mengi ndiyo yanayolifanya doa liwe sugu.

Sababu iko chini ya kitambaa. Kiti kina sponji nene. Ukikimwagia maji ya sabuni, grisi iliyolainika hushuka nayo hadi ndani, juu pakaonekana safi. Kiti kikianza kukauka, unyevu hupanda tena ukivuta mafuta na mabaki ya sabuni, na kesho yake doa limerudi, safari hii na duara la kahawia pembeni. Wengi hudhani sabuni haikuwa kali, wakaongeza nyingine, na maji yakaongezeka pia.

Anza bila maji. Grisi ikiwa bado nzito, ichote kwa kijiko ukielekea katikati ya doa ili usilitanue. Nyunyiza poda ya mtoto au wanga wa mahindi, iache nusu saa, au usiku kucha kama mafuta ni mengi. Ikishanyonya huanza kushikamana na kubadilika rangi. Iondoe kwa mashine ya kufyonza vumbi au brashi kavu, kisha rudia. Mafuta ya kula yaliyomwagika muda si mrefu hupungua sana kwa hatua hii peke yake.

Sasa tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Sabuni hiyo inafaa kwa sababu molekuli zake upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji. Chovya kitambaa cheupe, kikamue hadi kisidondoke, kisha bonyeza juu ya doa kuanzia pembeni kuingia kati. Nasisitiza cheupe: hakichuji rangi, na kinakuonyesha kinachotoka. Ukikiinua utaona alama ya kijivu. Geuza upande safi, bonyeza tena. Alama itafifia kidogo. Geuza tena. Ukiendelea na upande uleule, unairudisha grisi kitini. Na tafadhali usisugue kwa nguvu. Nyuzi zikishafumuka, hata doa likiisha patabaki pamechakaa.

Doa la zamani huhitaji spiriti ya kusafishia vidonda. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana baadhi ya vitambaa hupauka. Fungua milango yote, na moto wa aina yoyote ukae mbali. Iweke kwenye kitambaa chako, si kitini, ubonyeze vilevile. Grisi nyeusi ya gereji ina tabia yake: nyingine huwa na unga laini mweusi wa kulainisha, kama grafaiti au molibdeni, kwa hiyo mafuta yanaweza kutoka na weusi ukabaki. Hapo chukua mswaki laini, sabuni kidogo, na subira.

Wapo wanaotumia petroli. Naipinga kabisa. Sponji hushika mvuke wake, na wewe unakaa juu yake ndani ya chumba kilichofungwa, chenye nyaya za umeme chini ya kiti.

Malizia kwa kitambaa chenye maji matupu, kwa sababu sabuni ikibaki huvuta vumbi. Gandamiza taulo kavu kwa uzito wa mwili wako, kisha acha milango wazi hadi kiti kikauke chote. Baadhi ya viti vina mfuko wa hewa wa kukinga ajali ubavuni au mfumo wa kupasha joto, sababu nyingine ya kutovilowesha. Dari ya gari ni hivyohivyo: kitambaa chake kimegundishwa, na kikilowa gundi huachia kikaanza kuning'inia.

Mkanda wa usalama usiuguse kwa spiriti wala klorini, kwani dawa kali zinaweza kudhoofisha nyuzi ambazo maisha yako yanazitegemea. Tumia maji ya sabuni laini tu, uuvute wote nje, na uuache ukauke kabisa kabla ya kuurudisha.