Barua kwa mwanangu: hadithi usiyoimaliza

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema mjukuu wangu, na miaka yake 4, akiona mdudu anapiga mayowe, na ukimtoa nje analilia simu. Umemnunulia kitabu cha picha za wanyama, akakifunua mara moja akakitupa. Unaniuliza utamzoeshaje viumbe na mimea.

Kwanza nikiri jambo. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikutisha kwamba usipolala, mjusi wa ukutani atashuka akuchukue. Ulilala kweli, lakini ukakua huwezi kuingia chumba chenye mjusi. Mjusi yule hakuwa na kosa, alikuwa akitafuta mbu wake. Hadithi niliyokupa ilikuwa ya uongo, na imekukaa mpaka leo. Nisamehe. Nalisema hili kwa sababu mtoto hutazama uso wa mzazi wake kabla hajamtazama mdudu, na pengine mayowe ya mwanao ameyaokota kwako, nawe uliyapata kwangu.

Kwa hiyo msimulie hadithi za kweli, tena usizimalizie ndani ya nyumba. Mwisho wake aukute nje.

Anza na sisimizi. Usiku, mkishazima taa, mwite "Paukwa!" naye akiitika "Pakawa!" mwambie palikuwa na sisimizi aliyeona tone la asali mbali na kwao. Hakuwa na sauti ya kuwaita wenzake, wala kidole cha kuwaonyesha njia. Je, alifanyaje? Nyamaza hapo hapo. Hata akikubembeleza, usimwambie.

Asubuhi tafuteni msafara wa sisimizi, mchuchumae kando yake. Usiwe na haraka, mwache atazame wanavyokutana uso kwa uso, wakagusana kwa zile nyuzi mbili za kichwani, kisha kila mmoja akashika njia yake. Akishatosheka, chovya kidole kwenye maji ukisugue mara kadhaa kukata njia yao. Wanaokuja watafika pale wasite. Watapapasa huku na huku, wengine watageuka, hadi mmoja apate kuvuka na wenzake wamfuate. Sasa malizia hadithi: sisimizi aliyepata chakula hurudi nyumbani akiacha harufu ardhini, wenzake wakaifuata, na wao nao wakaiongeza. Kidole chako kimeifuta ile harufu. Hiyo ndiyo sauti yake na ndicho kidole chake. Mtoto aliyeona barabara ile ikikatika na kuungwa tena, sidhani kama atamkanyaga sisimizi kwa mchezo.

Baada ya hapo mpe haragwe liwe lake mwenyewe. Tia pamba yenye maji ndani ya glasi, ulibane haragwe kati ya pamba na kioo ili alione kila siku. Kazi ya kulinywesha iwe yake, usimfanyie. Ngozi itakunjamana kwanza, kisha ndani ya siku chache itapasuka na mzizi mweupe utachungulia. Ukishakuwa mrefu kama ukucha wake, ilazeni glasi ubavu na muulize mzizi utaelekea wapi. Kesho yake mtaukuta umepinda, unatafuta chini tena. Kwenye ncha yake mna chembe nzito za wanga. Ukiulaza mzizi, chembe huangukia upande wa chini, na mzizi unajua pa kwenda. Mtoto huelewa hilo upesi ukimpa kokoto chache ndani ya chupa aigeuzegeuze mwenyewe.

Kuhusu hofu, usimshikishe mdudu kwa nguvu. Umbali aliouchagua yeye unatosha, atausogeza mwenyewe. Nyuki, nyoka na viwavi wenye manyoya ni vya kutazamwa tu, na hilo mwambie waziwazi bila kumtisha. Mkiinua jiwe kuona jongoo, lirudisheni taratibu kama lilivyokuwa, kwa sababu ni paa la nyumba ya mtu. Mikono mnawe.

Simu usiigombanie sana. Kuipiga marufuku ghafla kutamfanya aone nje ni adhabu. Dakika 10 za kuchuchumaa kila siku zinashinda safari moja kubwa ya mbugani kwa mwaka, maana kila siku atakuta kitu kimebadilika na atataka kujua kesho kitakuwaje.

Akikupa jibu lake kuhusu sisimizi alivyowaita wenzake, kabla hamjatoka nje, usilisahihishe. Niandikie kama alivyolisema, neno kwa neno.

Wako akupendaye,
Baba