Neno la Kiingereza Usilipasue Katikati

Ukifanya kazi ghalani hapa Mtwara, hasa pembejeo za korosho zikianza kushuka, Kiingereza utakisoma zaidi kwenye mifuko na mapipa kuliko vitabuni. Vijana wanaokuja kupakua huwa nawaambia mapema: usichukue nusu ya neno ukajiona umeelewa lote.

La kuogopa kuliko yote ni "inflammable". Shuleni tumekaririshwa kwamba "in-" inakanusha, basi kijana akiliona kwenye pipa anajua haliwaki, anatoa kiberiti. Kumbe "in-" hii ya Kilatini haikanushi chochote. Asili yake ni kitenzi cha kutia moto. "Flammable" na "inflammable" ni mamoja. Wenye lugha yao wenyewe liliwachanganya, hadi miaka ya 1920 wataalamu wa kujikinga na moto kule Marekani wakahimiza litumike lile fupi. Kisichowaka huandikwa "non-flammable". Mimi nikipokea mzigo natafuta alama kwanza: pembe nne nyekundu iliyosimamia kona, ndani ina mwali. Ukiiona hiyo, sigara ikavutiwe mbali, neno mtabishania baadaye.

Hatari nyingine ni ya tumbo tu. Mjomba wangu alisusa baga, yaani "hamburger", pale Shangani, tena kwa hasira: "Hiyo 'ham' ya Kiingereza ni nguruwe, mnataka kunilisha nini?" Nikamwambia, mjomba, "hamburger" imetokana na Hamburg, mji wa Ujerumani, na nyama yake kwa kawaida ni ya ng'ombe. Akauliza nani kachinja. Hapo alikuwa na haki, na hilo kamusi haijibu.

Bibo letu nalo Wazungu wanaliita "cashew apple". Si tofaa, na kitaalamu hata tunda lenyewe silo: ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni ile korosho inayoning'inia chini na ganda lake.

Kwenye barua, mtu akisifiwa kuwa "invaluable" asinune. Wanasema thamani yake haikadiriki. Ila "infamous" ana haki ya kununa, maana huyo anajulikana kwa ubaya.

"Oversight" ndiyo itakulazimu usome sentensi nzima. Ukiambiwa kazi iko chini ya "oversight" ya fulani, huyo ndiye msimamizi. Ukiambiwa jina lako limekosekana kwenye orodha ya malipo kwa sababu ya "oversight", wamepitiwa. Nenda uhasibu kabla hawajafunga.