Usibandike picha ya saini kwenye ripoti ya uthamini

Mkuu subiri kwanza, usitume hiyo ripoti. Umesema umeskani saini yako, utaibandika ukurasa wa mwisho, PDF utaifunga kwa paswedi ya kuzuia kuhariri, halafu unauliza utume kwa imeili au kwa linki na nakala ukae nazo miaka mingapi. Ya imeili baadaye, hapo kwenye saini ndipo mimi nilipopigwa.

Ripoti yangu ilifika kwa mkopeshaji ikiwa na thamani ambayo sikuiandika mimi. Vingine vyote vyangu: picha za nyumba, vipimo, namba ya usajili, saini ile ile na mkia wake wa wino uliokatika. Tarakimu ya kwanza tu ya thamani ya soko ndo imebadilishwa, hata jedwali la ulinganisho, lile la bei za nyumba zinazofanana, hawakuhangaika nalo, ukurasa wa kwanza unasema hivi jedwali linasema vile. Nabanwa mimi maana saini ni yangu, na nikikana sina cha kuonyesha zaidi ya faili la kwenye kompyuta yangu, ambalo mtu anaweza kusema nimelirekebisha jana.

Aliyenipoteza ni jamaa aliyetuuzia programu ya kuandikia ripoti, alituapia kwamba ukiweka hiyo paswedi hakuna wa kuigusa. Uongo mtupu! Paswedi ya namna hiyo ni ombi tu kwa programu inayofungua faili. Kama mtu anaweza kulifungua na kulisoma bila paswedi, basi programu isiyojali hilo ombi inaondoa kizuizi chote mara moja. Na picha ya saini inanyofolewa inahamishiwa kwenye ripoti ambayo hujawahi hata kuiona. Yule mtu ndo kazi yake, anayajua haya na bado akauza, inaniuma mpaka leo.

Tumia saini ya kidijitali yenye cheti, yaani faili la kielektroniki linalothibitisha kwamba saini ni yako. Programu inapiga hashi ya faili zima, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kila kilichomo, mara nyingi kwa njia iitwayo SHA-256, inaisaini kwa ufunguo wako wa siri, baiti moja ikiguswa anayefungua anaonyeshwa kwamba faili limechezewa. Saini mwisho kabisa, viambatisho vyote vikishaingia, chagua isiruhusu badiliko lolote baada ya hapo, na weka muhuri wa muda kutoka seva ya nje ili tarehe isitegemee saa ya kompyuta yako. Ufunguo usimpe mtu, sio msaidizi sio bosi, akiwa nao anasaini kama wewe na hakuna wa kutofautisha. Na anayepokea mwambie aangalie paneli ya saini, pale programu inapoonyesha kama saini ni halali, sio mchoro wa saini, tena kwenye programu iliyosasishwa, maana 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, waliweza kuzidanganya programu 21 kati ya 22 za kompyuta walizozipima zikaonyesha saini ni halali kwenye PDF iliyochezewa.

Mteja akikwambia mambo ya cheti yanamchelewesha, anataka hiyo ya kubandika, usimpe. Mimi simpi mtu tena, hata akitishia kuhamia kwa mthamini mwingine.