Ratiba ya masomo ndiyo iamue kati ya treni na gari

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mwanafunzi anayekaa Syokimau na kusoma katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, aende kwa treni au kwa gari la nyumbani? Wengi watakimbilia kulinganisha nauli na petroli. Mimi nasema aanze na karatasi mbili mezani, ratiba ya treni na ratiba ya mihadhara.

Treni hii imepangiwa wafanyakazi wa ofisini. Asubuhi inaingia mjini, jioni inarudi, na mchana safari ni chache mno. Mwenye mhadhara wa saa mbili asubuhi na wa mwisho unaoisha saa kumi jioni, inamfaa kabisa. Mwenye somo la jioni ahakikishe kwanza kwamba treni ya mwisho haing'oi nanga yeye akiwa bado darasani. Akiwa na siku tatu za namna hiyo kwa wiki, unafuu wa nauli utaliwa na matatu za usiku.

Ucheleweshaji nao una sababu yake. Hii ni reli ya zamani, ya upana wa mita moja, iliyofika Nairobi mwaka 1899, na ni njia moja tu. Treni mbili hupishana pale penye reli ya pembeni, basi moja ikikwama, ile inayotoka upande wa pili nayo inangoja. Siku ya mtihani panda inayotangulia ile uliyoizoea. Tena Syokimau kuna stesheni mbili: ya treni za mjini, iliyofunguliwa 2012, na ile kubwa ya treni ya Mombasa, ya 2017. Mwambie mtu wa bodaboda waziwazi unakwenda ipi.

Asubuhi anayepandia Syokimau hupata kiti. Wa Imara Daima na Makadara ndio wanaosimama. Jioni mambo hugeuka, wote wanapandia mjini, kwa hiyo fika dakika 20 mapema. Na usisahau miguu: kutoka stesheni ya mjini unavuka barabara ya Haile Selassie, unaifuata Moi Avenue mpaka bustani ya Jeevanjee, kisha unakata kushoto kuingia University Way. Ni kama kilomita 2. Weka nusu saa, na simu ibaki mfukoni.

Sasa gari. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Gari la injini ya cc 1500 likiwa kwenye foleni, lihesabie kilomita 10 kwa lita: lita 4 kwa siku, 20 kwa wiki, 300 kwa muhula wa wiki 15. Zidisha kwa bei inayotangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi. Ongeza ada ya kuegesha mjini, na ushuru wa Expressway ukiitumia. Barabara hiyo ya juu inakuvusha foleni ya Bellevue na Nyayo na kukushusha Museum Hill, karibu na chuo, ila unailipia kwenda na kurudi.

Kisichohesabiwa ni uchakavu. Muhula mmoja ni kilomita 3,000, nyingi zikiwa za kusonga na kusimama. Breki huisha upesi. Injini inanguruma gari likiwa limesimama, upepo haupiti kwenye rejeta, kazi yote inabaki kwa feni. Feni ikiwa dhaifu, utauona mshale wa joto ukipanda hapo Bellevue na ukishuka gari likianza kutembea. Hiyo ni dalili ya kumwona fundi wiki hiyo hiyo. Kujazia maji ya bomba kunaleta kutu ndani ya rejeta.

Wanafunzi wanne wakichangia, kila mmoja anabeba lita moja kwa siku, na hapo gari lina hoja. Lakini wachangie petroli tu. Ukianza kutoza nauli, bima ya gari la kibinafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea.

Kwa maoni yangu, gari liishie stesheni ya Syokimau, maegesho yapo, na safari iliyobaki iwe ya treni. Siku ya somo la jioni pekee ndiyo wanne waingie mjini na gari, na wakubaliane tangu asubuhi saa ya kuondoka chuoni.