Wamekataa kunipa matokeo ya maji ya kisima

SWALI: Salaam mwanangu. Mtaani kwetu Mombasa kuna kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Maafisa wa serikali walikuja wakachota maji ya kisima chetu kwenda kuyapima. Nimeandika kuomba matokeo, nikajibiwa mstari mmoja: eti ni siri ya biashara ya mwenye kiwanda. Mjukuu wangu wa miaka miwili anayanywa maji hayo. Ndiyo basi?
Bibi, Mombasa

JIBU: Shikamoo bibi. Kabla ya sheria, mtoto: mtafutie maji ya kwingine leo hii. Kama kisimani mna madini ya risasi, kuchemsha hakuyaondoi.

Barua hiyo imeniuma, kwa sababu aliyeiandika amesoma sheria nusu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kinaruhusu ofisi ya umma kukunyima habari kwa sababu kama usalama wa taifa, faragha ya mtu, au hasara kubwa kwa biashara. Biashara imo, kweli. Lakini teremka hadi kifungu kidogo cha 3: faragha na biashara hazifai kuwa sababu ukiomba matokeo ya vipimo vya mazingira yanayoonyesha hatari kubwa kwa usalama wa watu au mazingira. Na kama maji ni salama, karatasi inayosema hivyo itamtia hasara gani mwenye kiwanda?

Unajua yaliyotokea Owino Uhuru, hapo hapo Mombasa. Betri kuukuu ziliyeyushwa kando ya nyumba za watu, risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, lakini rufaa zikaendelea hadi Desemba 2024. Sitaki mjukuu wako angoje hivyo.

Andika tena, kwa Kiswahili. Sheria inaruhusu, wala kuomba hakulipiwi, ila gharama ya nakala tu. Taja kifungu cha 6(3), kisha useme wazi kwamba uhai wa mtoto umo hatarini. Hapo wanapaswa kujibu kwa saa 48, si siku 21. Wakinyamaza, kisheria wamekataa. Wakati huo huo peleka ile barua ya kwanza kwa Ombudsman, ofisi inayosikiliza malalamiko ya watu dhidi ya ofisi za umma, kabla siku 30 hazijaisha tangu uipokee.

Ombi jipya lipeleke kwa mkono, nakala mbili. Usiondoke pale kaunta mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe.