Niuti wa kigeni wanafikaje kwenye mabwawa ya mashambani Uingereza

Mkuu, umeuliza niuti wa Alpi wanafikaje kwenye mabwawa ya vijijini huku Uingereza, mbali na miji, na kama kweli wanatembea wenyewe. Najitolea kuhesabu amfibia (wanyama kama chura, wa majini na nchi kavu) usiku kwa tochi kila majira ya kuchipua, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona.

Kwa wasiowajua, niuti ni salamanda wadogo, yaani amfibia wenye mkia wanaofanana na mjusi, wanaozaliana majini, kisha sehemu kubwa ya mwaka wanaishi nchi kavu, chini ya magogo na mawe. Uingereza ina aina tatu za asili: niuti wa kawaida, niuti wa miguu ya utando, na niuti mkubwa mwenye kishungi. Huyu wa Alpi kwao ni Ulaya bara. Aliingia Newdigate, Surrey, miaka ya 1920, na leo anapatikana sehemu nyingi zilizotawanyika ambazo hazigusani kabisa. Huko kutogusana ndiko kunakotoa jibu.

Kutembea wanatembea, ila si mbali. Wakubwa wengi hurudi bwawa lile lile mwaka hadi mwaka. Vijana ndio wanaohama, usiku wa mvua, na kwa kawaida safari yao ni mamia ya mita tu. Ukiwakuta kwenye bwawa la shamba lililo maili nyingi kutoka kundi lolote linalojulikana, jua kuna mkono wa mtu.

Na mara nyingi mtu huyo hana habari. Niuti jike hatagi mayai kwa fungu kama chura. Hutaga moja moja: anashika jani la mmea wa majini kwa miguu ya nyuma, analikunja, yai linabaki katikati na ute wake unalinatisha jani lisifunguke. Mwezi wa Aprili au Mei, inama ukingoni uangalie majani laini yaliyo karibu na uso wa maji. Utaona ncha zimekunjwa, moja baada ya nyingine, kwenye shina zima. Usizifungue, maana yai likiwa wazi huliwa. Sasa fikiria mtu amechimba bwawa jipya shambani kwa nia njema kabisa, akaomba mimea kwa jirani, akaibeba kwenye ndoo. Hapo amehamisha kizazi kizima bila kumwona niuti hata mmoja.

Wapo pia wanaowaachia makusudi kwa sababu ni wazuri, na kweli ni wazuri: mgongo wa buluu-kijivu, tumbo la rangi ya chungwa lisilo na doa. Lakini Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya 1981 inakataza kuwaachia porini. Ukimkamata ukaenda kumwachia bwawa jingine, umevunja sheria.

Binafsi, suala la kugombania chakula na wenyeji halininyimi usingizi. Kwenye mabwawa ninayopita nawakuta pamoja. Ninachohofia ni ugonjwa. Niuti wa Alpi waliopimwa hapa wamekutwa na kuvu wa kaitridi, anayeshambulia ngozi ya amfibia, na amfibia hupumua kwa ngozi hiyo. Kuvu mwingine wa jamii hiyo, aliyetambuliwa mwaka 2013, nusura awamalize salamanda wa moto wa Uholanzi. Ndiyo maana kila tukitoka bwawa moja tunasugua tope kwenye mabuti na nyavu, tunapulizia dawa, tunaacha vikauke kabisa kabla ya kwenda lingine. Inachosha, lakini siruki hatua hiyo.

Ukidhani umemwona, tafadhali usimuue. Niuti mwenye kishungi naye ana tumbo la chungwa, lakini lina mabaka meusi, na analindwa kisheria: hata kumshika bila kibali ni kosa. Piga picha alivyo majini, andika mahali na tarehe, kisha wapelekee kikundi cha amfibia cha kaunti yako. Kama kuna mtu jirani aliyechukua mimea kutoka bwawa hilo, waambie na hilo, kwa sababu bwawa lake ndilo la kukaguliwa linalofuata.